Unga Usiolika

Kirikuu yangu hubeba bofulo,
mia mbili na arubaini kila alfajiri,
toka Barabara ya Kumi na Tatu mpaka Chumbageni,
na rimu zake zote nne zimeota ukurutu.
Chumvi ya Tanga haina adabu:
hula bati, hula bawaba,
hula kufuli likiwa limefungwa.
Sasa kila nikikanyaga breki
maganda mekundu hudondoka, kama ya karanga.

"Mkate mtamu, gari ina upele,"
alisema mwenye duka la Mikanjuni,
kisha akahesabu bofulo mara mbili.

Nikaenda Gofu, kwa Semhando.
Ana tanuri linalonizidi kimo,
kalichomelea mwenyewe kwa mabati ya kontena.
"Kwanza napuliza mchanga, chuma kibaki uchi.
Halafu unga. Si wa ngano, mama.
Huu una umeme, unajishikiza wenyewe.
Kisha digrii mia mbili, dakika ishirini."

Nilisimama mbele ya mlango ule nimeduwaa.
Mia mbili, dakika ishirini:
si bofulo zangu hizo!
Miaka kumi na tisa naamka saa nane usiku
kwa hesabu hiyo hiyo,
kumbe kuna mtu anaoka rangi.
Akanionyesha geti alilolipika mwaka juzi.
Nikalikwangua kwa ufunguo.
Ufunguo ndio uliochubuka.
"Elfu hamsini kila rimu."

Mwinjuma wa Makorora hana tanuri.
Ana kompresa inayokohoa, msasa, kopo la praima,
na ana mdomo. Bei haitaji ila kwa vina:

"Ya kwangu ukikwaruza, pita hapa nitapaka,
kopo dogo nitauza, bei yake ya kucheka;
ya unga ikikuliza, kiraka hakitashika,
utarudi kwenye joko, kuanza upya kuoka."

Elfu kumi na tano, na jioni gari iko kazini.
Nikacheka, nusura nimpe funguo.
Lakini ukutani iliegemea baiskeli
aliyoipaka Ramadhani iliyopita,
na chini ya rangi, karibu na kanyagio,
vipele vilishaanza kuumuka.

Usiku, mikono ndani ya donge, nikapiga hesabu.
Laki mbili ni mifuko miwili ya ngano.
Elfu sitini ni chachu na mafuta ya wiki.
Ya kupaka itataka kupakwa tena kabla ya mfungo.
Ya kuoka itadumu mpaka siku ya jiwe,
na njia ya Pongwe, kwa malori yale ya saruji,
mawe hayajawahi kuadimika.
Nikaharibu chumvi ya donge la kwanza kwa kuwaza.

Asubuhi nikampelekea Semhando, basi tu,
kwa sababu ya ule ufunguo.
Akavua matairi, akachukua nyundo ndogo,
akagonga rimu moja moja.
Ting.
Ting.
Ting.
Ya nne ikasema dab, kama mkate mbichi katikati.
Akaigeuza, akafuta kutu kwa dole gumba:
ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto.

"Hii siioki," alisema.
"Nikiioka itapendeza. Itapendeza mno.
Utaondoka hapa inameremeta,
ikupasukie mbele ya lori."

Angeweza kunyamaza.
Elfu hamsini ilikuwa tayari kwenye kanga yangu.
Mimi najua bofulo lenye uso wa dhahabu
na tumbo la uji. Nimewahi kuliuza.
Sikumwambia.

Ya nne niliinunua kwa Mwinjuma, kuukuu ila nzima,
akaipulizia fedha bure, kwa beti mbili zaidi.

Mwenye duka la Mikanjuni kainama, kachunguza.
"Tatu zinang'aa. Hii moja mbona vingine?"
Nikamshushia trei.
"Hesabu mikate," nikamwambia.